Mgeni aliuliza kuhusu mwewe, akachekwa, akaondoka: nifanye nini na kundi langu?

"Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la watazamaji wa ndege hapa Jinja. Tulianza watu wachache tuliokuwa tukitembea pamoja kandokando ya Nile siku za Jumapili. Sasa tumefika karibu 240. Wengine wako Arua, Kasese na Busia, hata Kisumu na Bunia, ndiyo maana tunatumia Kiswahili. Mwezi uliopita dada mmoja aliyejiunga wiki hiyo hiyo alituma picha ya ndege juu ya nguzo ya umeme, akauliza: 'Huyu ni tai gani?' Mzee wetu mmoja, mwongoza watalii mstaafu ambaye ndege wote anawafahamu kwa sauti na kwa rangi, akajibu: 'Huyo ni mwewe. Hata mtoto wa nasari anajua. Someni kwanza kabla ya kutujazia simu.' Watu wakamwaga stika za kucheka. Dada akaondoka. Tangu hapo wageni hawaulizi kitu. Baadhi ya wanachama wanataka mzee atolewe. Wengine wanasema akitoka kundi limekufa, na kwamba wageni wa siku hizi ni wavivu na wepesi wa kununa. Nimeandika kanuni 12 nikazibandika kwenye maelezo ya kundi, sidhani kuna aliyezisoma. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu mzee, kuhusu wageni na kuhusu kanuni, lakini nikisoma ujumbe wako naona hofu moja: kwamba utalazimika kuchagua kati ya ujuzi na upole, na upande wowote utakaouchagua kundi litaharibika. Hofu hiyo naijua. Wasimamizi wengi huniletea, wawe wa makundi ya ndege, ya maua, ya chesi au ya kupiga picha. Jibu langu fupi ni kwamba kidonda chako kikubwa wala si mzee. Ni wale watu zaidi ya 200 waliokaa kimya baada yake. Jibu refu ndilo hili.

Turudi siku ile. Mtu mmoja aliandika maneno makali. Wachache wakatuma stika. Waliobaki hawakusema neno. Nina hakika wengi wao hawakupendezwa. Wengine walikuwa kazini, wengine walifungua simu usiku wakaona jambo limeshapita, wengine waliona haya kumpinga mzee. Lakini huyo dada angejuaje? Angekuwa ameingia sebuleni kwenu akajibiwa vibaya na mtu mmoja, angeona nyuso za wengine. Mama mmoja angekunja kipaji, kijana angemsogezea kiti, mwingine angekohoa na kugeuza mazungumzo. Kwenye simu hakuna nyuso. Kimya cha anayekudharau na kimya cha anayekuonea huruma vinafanana kabisa. Kwa hiyo akapiga hesabu ambayo yeyote angeipiga: hapa watu 240 wameniona mjinga.

Katika ujumbe wako mrefu hukutaja mtu hata mmoja aliyemwandikia neno jema, hata inboksi. Wewe mwenyewe pia hukujitaja. Sikulaumu, maana ndivyo tulivyo karibu sote: tukiona ukali kundini tunasubiri msimamizi aseme, naye msimamizi anasubiri mambo yapoe. Ila ujue kwamba maumivu ya mgeni hutoka kwenye kusubiri huko kuliko kwenye sentensi ya mzee. Sentensi moja kali ikifuatwa upesi na jibu moja la utu humezeka. Ikifuatwa na kimya, inakuwa kauli ya kundi zima.

Na huenda hayuko peke yake. Tangu mwaka 2022 WhatsApp humruhusu mtu kuondoka kimya kimya. Wasimamizi tu ndio wanaopewa taarifa, kundi zima halitangaziwi tena. Kwenye ukurasa wa kundi kuna orodha ya walioondoka ndani ya siku 60. Ifungue leo usiku. Usitazame idadi peke yake, tazama waliondoka lini. Ukikuta watu wanne wametoka siku hiyo hiyo au kesho yake, hao ni wageni waliosoma jibu alilopewa mwenzao wakaona heri waondoke kabla hawajauliza la kwao.

Sasa niguse mambo mawili yanayosemwa kundini kwenu ambayo si kweli.

La kwanza ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la uvivu. Mwewe na tai ni wa familia moja. Kwa mtu anayemtazama kutoka chini ya nguzo, bila darubini, jua likiwa nyuma ya ndege, anachokiona ni ndege mkubwa wa kahawia mwenye mdomo uliopinda. Kumwita tai ni kukisia vizuri. Ninyi mnamjua mwewe kwa mkia uliogawanyika katikati, ule anaouzungusha huku na huko akiwa angani, na kwa mdomo wa njano. Lakini ndege aliyetua mkia haumwoneshi vizuri, na mwewe wetu akiwa mchanga mdomo wake huwa mweusi. Halafu miezi ile ambayo Ulaya kuna baridi, mwewe wa huko hushuka hadi kwetu, nao mdomo wao ni mweusi hata wakiwa wazima. Kwa hiyo jibu "ni mwewe" lilikuwa sahihi, ila "hata mtoto wa nasari anajua" halikuwa sahihi. Muulizeni mzee kwa heshima kama picha ile ilionesha mwewe wa hapa au mgeni kutoka kaskazini, mtaona naye anavaa miwani.

Uganda ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Hakuna aliyezimaliza. Mwekee bingwa yeyote videnenda watano mbele yake, wale vijindege vya kahawia vya kwenye majani marefu, wakiwa kimya bila kuimba, utaona anavyoanza kutafuta maneno. Au mpe kwera jike wasio na rangi za kujipambia. Ubingwa wote wa ndege una mahali unapoishia, na ni vizuri wageni wapaone mahali hapo mara kwa mara.

La pili ni kwamba ukianza kubembeleza wageni, ujuzi wa kundi unashuka. Hili lina mfano mkubwa wa kulijaribu. Wikipedia ya Kiingereza iliongezeka wahariri kwa kasi hadi mwaka 2007, kisha idadi ya wahariri hai ikaanza kushuka. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walichunguza sababu, wakakuta kwamba watu wenye nia njema walikuwa bado wanakuja. Kilichobadilika ni mapokezi. Ili kupambana na waharibifu, wenyeji walikuwa wamejenga mitambo ya kufuta makosa na kutuma maonyo ya moja kwa moja, na mitambo hiyo ikawa inawafutia kazi wageni waaminifu pia. Wageni wakapungua kubaki. Angalia kwamba wenyeji wale hawakuwa watu wabaya; walikuwa wanalinda ubora, kama mzee wenu anavyoamini analinda. Lakini kundi lisilobakiza wageni leo litakosa mabingwa baadaye, na mabingwa wa sasa wanazeeka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa nini basi anayejua sana huwa mkali kwa asiyejua? Wengi hudhani ni kiburi. Mara nyingine ni kiburi kweli. Lakini kuna jambo jingine linalotokea kichwani hata kwa mtu mpole. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka watu wachague nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wazipige kwa vidole juu ya meza bila kuimba, na wenzao wakisie ni wimbo gani. Waliopiga waliamini nusu ya nyimbo zitatambulika. Kati ya nyimbo 120 zilizopigwa, zilitambulika 3. Anayegonga meza anasikia wimbo mzima kichwani mwake, hawezi kuusahau. Anayesikiliza anasikia ko, ko-ko, ko. Mtu aliyemtazama mwewe maisha yake yote hawezi tena kuiona ile picha kama alivyoiona dada. Anaona mwewe. Anashangaa kwa dhati jinsi mwenye macho anavyoweza kukosa kumwona, na mshangao ule ukiandikwa kwenye simu unatoka kama tusi.

Kwa mzee wenu nadhani kuna zaidi, ingawa simfahamu na unisahihishe kama nakosea. Umesema ni mwongoza watalii mstaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuuza kile ambacho sasa kundi linakiomba bure. Watalii walilipa dola ili awaoneshe korongo-nyangumi kule kwenye kinamasi cha Mabamba. Uwanja wa Entebbe ulipofungwa kwa abiria kuanzia Machi hadi Oktoba 2020, waongozaji wengi walikosa riziki, na baadhi hawakurudi tena kazini. Tena siku hizi ipo programu kama Merlin, isiyolipiwa, ambayo kijana akiipa picha inampendekezea jina. Ongeza na umri: masikio yanayozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na ndege wengi huimba huko huko juu. Mtu aliyekuwa akitambua msitu mzima akiwa amefumba macho anaanza kukosa nusu ya waimbaji, na hamwambii mtu. Mtu wa namna hiyo amebakiwa na kiti kimoja, cha kuwa yule anayejua. Kila swali jepesi linalojibiwa na kijana mwenye simu linakivuta kiti hicho kidogo.

Haya hayahalalishi alichoandika. Nayasema kwa sababu ukimwendea kama mtu mbaya wa kurekebishwa utakosa mlango, na mlango upo.

Kuna pia suala la Kiswahili chenyewe hapa kwetu, na hili wenzetu wa Kisumu huenda wasilione. Mwanachama wa Arua amekua nacho sokoni na barabarani. Mtu wa Mukono au Masaka, hasa wa makamo, huenda alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari, miaka ile mibaya. Tangu 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi, lakini kumbukumbu za watu hazifuati Katiba. Sentensi kavu ya amri, "someni kwanza," inayompita mtu wa Kisumu bila kumgusa, inaweza kumrudisha mwingine mbali sana. Pia wengi wetu tunajua Kiswahili cha kuelewana zaidi ya kile cha adabu. Tunaruka salamu, tunasahau "naomba" na "samahani", si kwa ufidhuli bali kwa uhaba wa maneno. Mganda yule yule ambaye kwa Kiluganda hawezi kukuuliza bei ya ndizi kabla hajakupa gyebale ko na kukuuliza habari za nyumbani, akiingia kwenye Kiswahili anakuwa kama telegramu. Wakumbusheni watu waje na salamu zao, hata za lugha zao. Mtu akianza na salamu, mara nyingi vidole vinakuwa vimepoa anapofika kwenye jibu.

Sasa namna ya kumwendea mzee. Usimwonye kundini. Usimwandikie inboksi pia. Maandishi yatamfikia na ukali ambao hukuukusudia. Nenda kwake. Jinja si mji mkubwa, na hata kama anakaa Bugembe au Njeru, nauli ya boda boda inakutosha. Beba kilo ya sukari kama unavyomtembelea mtu mzima yeyote, na ikiwezekana uende na mtu wa rika lake anayemheshimu. Ongeeni ya ndege kwanza. Kisha mwambie kilichotokea bila kupamba: dada alituma picha, ukajibu hivi, watu wakacheka, akaondoka, na wageni wameacha kuuliza. Nyamaza hapo, mwache aseme. Wazee wengi ninaowafahamu katika hali hii husema jambo moja kati ya mawili: "Sikujua aliondoka," au "Lakini wanauliza yale yale kila siku." Yote mawili ni mwanzo mzuri, na la pili ni malalamiko ya haki. Kujibu swali lile lile mara ya mia kunachosha, na kama mtu huyo huyo ndiye anayetegemewa kujibu, atachoka vibaya.

Basi mpunguzie mzigo na umpe kazi inayolingana na hadhi yake. Mwombe aache maswali ya mwanzo kwa wengine. Yeye aitwe kwenye yale yaliyowashinda: videnenda, kwera wasio na rangi, tai wachanga, sauti za usiku. Mwombe mara moja kwa wiki arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu kuhusu ndege mmoja na hadithi yake ya porini. Kwa sauti, narudia. Kicheko cha mzee kikisikika, hata utani wake unaeleweka kuwa utani; ukiandikwa tu, unakwaruza.

Na kama akikataa? Wapo wanaokataa. Hapo una njia tatu, na kila moja ina bei yake. Unaweza kumwondoa: kundi litapumua, lakini wapo watakaoondoka naye, tena huenda ni wale wanaojua, na katika mji ambamo watu hukutana msikitini, kanisani na sokoni, aibu ya kumtoa mzee utaibeba muda mrefu. Unaweza kuligawa kundi, moja la taarifa za ndege adimu, jingine la kujifunza: inatuliza kelele, ila kundi la kujifunza likibaki bila wajuzi litageuka vipofu kuongozana. Ukigawa, hakikisha wajuzi wasiopungua wanne au watano wameahidi kukaa kote kuwili. Au unaweza kuacha mambo kama yalivyo na kufuta ujumbe wake kila anapovuka mpaka, kwa kuwa msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Hii itakuchosha wewe, na yeye ataiona kama vita. Mimi ningejaribu mazungumzo ya ana kwa ana mara mbili, na la tatu ningemtoa, kwa taarifa yake mwenyewe kabla, bila tangazo. Ujuzi wake ni mali kubwa, lakini kundi ambalo wageni wanaogopa kuuliza halinufaiki na ujuzi huo, kwa hiyo hasara si kubwa kama wenzako wanavyodhani.

Lakini narudi pale pale: hata mzee akigeuka malaika, kesho atakuja mwingine mkali. Kinachokulinda ni saa ya kwanza baada ya mgeni kuuliza. Tafuta watu watano au sita, usitangaze vyeo, uwaombe tu kwa siri kwamba swali la mgeni lisikae muda mrefu bila kuguswa. Wachague wale waliojiunga mwaka jana au juzi. Bado wanakumbuka walivyokuwa hawajui, wao wanausikia ule ugongaji wa meza jinsi ulivyo. Jibu lao liwe namna hii:

"Habari dada, karibu sana. Umekaribia, maana mwewe na tai ni ndugu. Huyu ni mwewe. Akiruka tazama mkia: umepasuka katikati, na anaupindapinda kama usukani. Tai mkia wake hauna mpasuko huo. Ukimwona tena, tuangalizie mdomo ni wa njano au mweusi, maana kwenye picha kuna kivuli."

Angalia kilichomo. Kuna salamu. Kuna kile alichopatia. Kuna jina sahihi, bila kuzungukazunguka. Mgeni hatendewi wema kwa kuachwa na kosa lake. Kuna alama moja ya kutofautisha, moja tu, ambayo ataibeba hadi kwenye nguzo inayofuata. Na kuna kazi aliyopewa, iliyo ya kweli, kwa sababu ninyi wenyewe hamjaliona jibu. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayombakiza mtu.

Mtafiti Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani huko Liberia, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger waliandika juu ya jinsi wanagenzi wanavyoingia kwenye ufundi. Mwanagenzi hakuanza na kukata kitambaa, ambako kosa moja linaharibu pesa ya fundi. Alianza na kumalizia: kupiga pasi, kushona vifungo, kukunja pindo. Kazi ndogo, lakini ya nguo halisi itakayovaliwa. Kwa kumalizia alijifunza nguo nzima inavyokaa, kisha akarudi nyuma hadi kwenye mkasi. Wageni wenu wapeni vifungo hivyo. Mmoja ahesabu kaloli, wale korongo wakubwa wa majalalani, wanaotua kwenye mti wa karibu na kwake jioni. Mwingine, anayekaa kando ya mto, aandike ni saa ngapi mdiria weusi-weupe wanaanza kuvua. Hakuna anayehitaji darubini wala kitabu cha bei mbaya kwa kazi hizo, na takwimu zake mtazitumia kweli.

Kwa kuwa nimetaja bei: kuwa mwangalifu na maneno "kanunue kitabu" na "hiyo picha ya simu gani hiyo". Tangu Julai 2021 bando letu la intaneti lina kodi ya asilimia 12 juu yake, na darubini nzuri ni mshahara wa mtu. Anayetuma picha yenye ukungu ametuma alichonacho. Upande wa pili, wenye kamera kubwa nao waone huruma, wasimwage picha 40 za ndege chozi mmoja asubuhi moja. Hilo nalo ni adabu, tena linagharimu wengine fedha taslimu.

Kuhusu kanuni zako 12, zifute. Kanuni ndefu husomwa na watu wasiozihitaji. Bakiza zile ambazo ukizivunja mtu au ndege anaumia, na hizo uzisimamie bila kupepesa macho hata kwa mgeni. Ya kwanza ni ya mahali: kiota hakitajwi kilipo, na picha zake hazitumwi zikiwa na ramani. Korongo taji, ndege wa bendera yetu, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, na mayai na makinda yake huchukuliwa. Kasuku wa kijivu naye amewekwa tangu Januari 2017 kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika biashara ya kimataifa ya wanyama, na wanaomtafuta wanajua kusoma WhatsApp kama sisi. Mgeni akituma kiota cha korongo, duka la kinyozi la kijiji chake likionekana nyuma, futa mara moja, kisha mpigie simu umweleze kwa nini. Ukali kwenye kitendo, upole kwa mtu, na sababu isikosekane.

Ya pili ni ya inboksi. Kwenye kundi la WhatsApp kila mwanachama anaona namba ya mwenzake. Dada akijitambulisha tu, usiku anapokea "mambo mrembo" kutoka kwa watu watatu ambao hawana habari na ndege. Wanawake wengi huondoka kwa hilo, na msimamizi mwanamume hajui, kwa sababu hayatokei kundini. Iandike wazi: usimwandikie mtu faraghani bila kumwomba ruhusa kundini, na anayesumbuliwa amwambie msimamizi fulani wa kike. Kama huna msimamizi wa kike, mtafute wiki hii. Wapo pia Uganda Women Birders, ambao dada mwenye hamu anaweza kuwafurahia zaidi ya ninyi. Kumwelekeza huko si kumpoteza. Zaidi ya hapo, siasa na jumbe za kusambaza zikae nje. Inatosha.

Huyo dada usimrudishe kundini kwa kumwongeza tu kwenye orodha. Mtu aliyetoka kwa hiari akijikuta ndani tena huona amedharauliwa mara mbili. Mwandikie wewe, kwa jina lako. Mwombe radhi kwa kifupi kwa kuwa mlikaa kimya, mpe jibu la ndege wake vizuri, na umwambie matembezi ya Jumapili yanaanzia wapi na saa ngapi. Hayo matembezi mliyoanza nayo, yarudisheni hata mara moja kwa mwezi. Msitu wa Mabira uko jirani yenu, na wenye nafasi ya kufika Entebbe wana bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, ambamo mgeni anaona ndege wengi kwa asubuhi moja bila kuchoka. Shirika la uhifadhi la NatureUganda nao wana siku yao kubwa ya kuhesabu ndege kila mwaka. Jiungeni kama timu, mzee akiwa mbele. Watu waliowahi kugawana chupa ya maji njiani huandikiana tofauti.

Mwisho, yapo mambo ambayo si ya kumalizwa na mimi wala na wewe kwenye simu. Mzee akiwa amebadilika ghafla, mtu aliyekuwa mcheshi sasa ana hasira na kila mmoja, anasahau au hasikii vizuri, ongea na familia yake ili apelekwe kwa daktari. Masikio na kumbukumbu hupimwa. Mgogoro wa watu wawili ukihama kundini ukawa wa kutishiana mtaani, mfikishieni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla haujakua. Na ikitokea mwanachama anafuatwa, anatishiwa kusambaziwa picha zake au anadaiwa pesa, mwambie asifute chochote, apige picha za skrini zenye namba na tarehe, kisha umsindikize kituo cha polisi mwenyewe. Wengi hawaendi kwa sababu hakuna wa kwenda naye. Kama aliyesumbuliwa ni mtoto, na kwenye makundi ya ndege wanafunzi hawakosekani, namba ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ni 116 na haitozwi. Kesi ya namna hiyo isijadiliwe kundini hata kidogo, wala jina la mtoto lisitajwe kwa wasimamizi wenzako wasiohusika.